Dakika 36 kwa Swali Moja: Jinsi ya Kujiandaa kwa Mtihani wa Fedha Kampala

Chukua karatasi za zamani za mtihani wa uhasibu wa CPA Uganda, ngazi ya kwanza, zile zinazorudufiwa Wandegeya na kuuzwa zikiwa zimebanwa kwa pini. Kabla ya kutazama swali lolote, soma maelekezo ya ukurasa wa mbele. Muda ni saa 3 na dakika 15, na zile 15 za mwanzo ni za kusoma tu. Kalamu haigusi kijitabu cha majibu. Sehemu A ina maswali 20 ya kuchagua jibu, kila moja alama 1. Sehemu B ina maswali matano, unajibu manne, kila moja alama 20. Anayepata 50 amefaulu.

Maandalizi yote yanaanzia hapo. Dakika 180 ukizigawa kwa alama 100, kila alama ina dakika 1.8. Swali la alama 20 lina dakika 36, hata pumzi moja zaidi hakuna. Mtahiniwa anayelipenda swali lake la kwanza akalipa dakika 60 amekopa dakika 24 kutoka kwa maswali yanayofuata, na mkopo huo hulipwa mwishoni, msimamizi akishatangaza kwamba muda unayoyoma. Akishindwa kabisa kuligusa swali la nne, karatasi yake imebaki na alama 80, na ile 50 anayoihitaji sasa ni asilimia 62.5 ya alichoandika. Wengi wanaosema mtihani ulikuwa mgumu walikuwa wanafanya mtihani wa alama 80 bila kujua.

Kampala, anayetaka kuishi kwa kuwashauri watu kuhusu fedha zao kwa kawaida hupitia mlango wa uhasibu. Mlango wenyewe unashikwa na ICPAU, taasisi ya wahasibu iliyoundwa kwa sheria ya 1992 na ambayo sasa inaongozwa na sheria ya 2013. Wapo wanaotamani cheti cha CFP, kile cha wapangaji wa fedha. Mtihani wake wa Marekani una maswali 170 katika vipindi viwili vya saa tatu tatu, na hesabu yake ya saa haina tofauti kubwa na hii: dakika mbili na kidogo kwa swali. Tofauti iko kwenye vitabu. Kitabu cha Marekani kitakufundisha akaunti za uzeeni ambazo mteja wako wa Ntinda hatazisikia maisha yake yote. Misingi utaipata humo, lakini mifano itabidi uijenge mwenyewe kwa tarakimu za hapa, la sivyo akili inakariri jina la akaunti na kuiacha hesabu.

Hata ukivuka mpaka wa karibu tu, hatari ipo. Chukua swali la mshahara. Mfanyakazi analipwa shilingi 1,500,000 ghafi kwa mwezi. Toa kodi na akiba ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, umwambie anabaki na nini. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2012, mshahara uliopita 410,000 hutozwa 25,000, kisha asilimia 30 ya kinachozidi hapo. Kinachozidi ni 1,090,000, asilimia 30 yake ni 327,000, kodi inakuwa 352,000. NSSF ya mfanyakazi ni asilimia 5, yaani 75,000. Anakwenda nyumbani na 1,073,000, huku mwajiri akiongeza asilimia 10 yake, 150,000, moja kwa moja kwenye mfuko.

Sasa mpe swali hilohilo mtu aliyejisomea kwa daftari la Nairobi au Dar es Salaam. Ataanza kwa kuondoa ile 75,000, kwa sababu huko mchango wa uzeeni hutolewa kabla ya kodi. Atatoza kodi kwenye 1,425,000 na kupata 329,500, pungufu kwa 22,500. Kila hatua yake itakuwa nadhifu na jibu litakuwa kosa. Uganda mchango wa NSSF wa mfanyakazi haupunguzi kipato kinachotozwa kodi. Kinachokipunguza ni ile kodi ndogo ya huduma za mitaa, ambayo kwa mshahara kama huu ni 100,000 kwa mwaka na hukatwa 25,000 kila mwezi kuanzia Julai hadi Oktoba. Katika miezi hiyo minne kodi ya mshahara, PAYE, inashuka hadi 344,500. Mtahini hahitaji swali gumu kumpata mtu hapo. Inamtosha kutaja mwezi.

Ndiyo maana nina shaka na anayejivunia kwamba amemaliza kitabu mara mbili. Kusoma hesabu iliyokwisha kufanywa ni raha, kila mstari unakubalika ukiupitia. Ukifunika jibu na kuandika mwenyewe, saa ikiwa mezani, ndipo unapogundua kwamba hukumbuki kipi kinatangulia kutolewa. Vikundi vya Jumamosi vinavyofanya kazi vizuri ni vile vinavyokaa kimya dakika 36, kisha watu wanabadilishana karatasi na kusahihishiana kwa majibu ya mwongozo. Vile vinavyoanza na chai na mjadala wa nani mwalimu bora wa kodi huishia hapohapo kwenye chai.

Siku za kazi ni suala jingine. Aliyetoka ofisini saa kumi na moja jioni, akakaa kwenye foleni ya Jinja Road ndani ya taksi, akafika darasani amechoka, asijidanganye kwamba usiku huo ataandika karatasi nzima. Swali moja linatosha. Kipande cha Sehemu A kinaweza kufanywa hata kwenye taksi yenyewe.

Rudi kwenye hesabu, maana sehemu ya uwekezaji ndiyo inayotenganisha mhasibu na mshauri. Mteja anachagua kati ya hatifungani mbili za serikali: ya miaka 5 yenye kuponi ya asilimia 15, na ya miaka 10 yenye asilimia 14. Mtu wa haraka anainyooshea kidole ile ya 15. Lakini riba ya hatifungani za muda mfupi hukatwa kodi ya asilimia 20, na zile za miaka 10 au zaidi hukatwa 10. Ya kwanza inabaki asilimia 12, ya pili 12.6. Aliyesema 15 hajakosea kuzidisha. Ameacha kuuliza kodi, na jibu lake limegeuka kichwa chini. Na aliyepata 12.6 akaishia hapo bado hajamaliza, kwa kuwa mteja mwenye mtoto anayeingia chuo baada ya miaka minne hana biashara na miaka 10, labda awe tayari kuiuza sokoni kwa bei itakayokuwapo siku hiyo.

Aina hiyo ya swali ndiyo ninayoipenda kwa mazoezi, lenye tarakimu na uamuzi pamoja. Hili hapa jingine. Mama wa miaka 46 amechangia NSSF miaka 18 na ana milioni 80. Marekebisho ya sheria ya 2022 yanamruhusu aliyefikisha miaka 45 na kuchangia miaka 10 kuchukua hadi asilimia 20 kabla ya kustaafu. Kwake ni milioni 16. Anataka kumalizia vyumba viwili vya kupangisha Wakiso. Mshauri anampa jibu gani?

Kwanza aone anachokiacha. Mfuko ulitangaza riba ya asilimia 11.5 kwa mwaka wa fedha 2023/24. Kwa kiwango hicho milioni 16 zingezaa 1,840,000 kwa mwaka, kama 153,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo kodi ya pango ambayo vyumba vile lazima vivuke, baada ya kuondoa matengenezo na miezi ambayo chumba kitakaa bila mpangaji. Ushuru wa serikali kwa mapato ya pango ya mtu binafsi ni asilimia 12 ya kinachozidi 2,820,000 kwa mwaka, kwa hiyo akiwa na mapato madogo haumgusi. Kisha kuna thamani ya jengo lenyewe, na swali la kama kiwanja kina hati au ni kibanja tu juu ya ardhi ya mailo ya mtu mwingine. Mtahiniwa aliyejaza ukurasa kwa hesabu na kusahau sentensi ya mwisho, ile inayosema mama achukue au asichukue na kwa nini, ameacha mezani alama alizokwisha kuzifanyia kazi.

Bajeti ya Uganda husomwa Juni na mabadiliko ya kodi huanza Julai 1. Majibu ya mwongozo yaliyobanwa na pini pale Wandegeya yana kodi za mwaka wake. Kabla ya kufanya swali lolote la kodi, andika juu ya karatasi mwaka wa mtihani huo, uweke viwango vya sasa pembeni, ufanye hesabu mara mbili.