Ruhusa, Umiliki na Mamlaka: Uhakiki wa Istilahi za Makosa ya Kunakili Folda katika Mfumo wa Linux

Uhakiki huu unajikita katika aina mbili za ujumbe ambao mfumo endeshi wa Linux humpa mtumiaji anaposhindwa kunakili folda, yaani "Permission denied" na "Operation not permitted". Ni rahisi kwa mfasiri kuuweka ujumbe wote chini ya neno moja, ruhusa, na kumwambia msomaji "hairuhusiwi" katika hali zote mbili. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ufinyu huo wa istilahi humpotosha mtumiaji anapotafuta chanzo cha kosa, na athari zake zinaweza kufikia usiri wa data ya utafiti.

Kwanza, kiini cha mfumo huyatofautisha makosa haya kwa namba: la kwanza ni namba 13 na la pili ni namba 1. Kosa la 13 hutokea pale ambapo ruhusa za kusoma, kuandika au kupita zilizowekwa kwenye faili au folda zinamzuia mtumiaji. Kosa la 1 hutokea pale ambapo tendo lenyewe linahitaji hadhi asiyokuwa nayo. Kwa mfano, mtumiaji wa kawaida hawezi kubadili mmiliki wa faili kwa amri ya chown, hata kama faili ni yake. Vilevile, hawezi kubadili ruhusa za faili ya mwingine kwa amri ya chmod.

Pili, neno ruhusa lisipofafanuliwa huficha ngazi za folda. Ili faili inakiliwe, mtumiaji hana budi kuwa na ruhusa ya kuisoma, ruhusa ya kupita, inayooneshwa kwa herufi x, katika kila folda iliyo juu yake, na ruhusa za kuandika na kupita katika folda inayopokea. Kwa hiyo, faili iliyo wazi kwa watu wote huweza kukataa kunakiliwa kwa sababu folda moja ya juu imefungwa. Mtumiaji anayekagua faili peke yake hataliona kosa. Amri ya namei -l, inayoonesha ruhusa za kila ngazi, humwonesha mlango uliofungwa.

Tatu, dhana ya umiliki nayo ina utata. Diski yenye mfumo wa faili wa ext4 huhifadhi namba ya mmiliki, si jina lake. Akaunti ya kwanza ya mtumiaji wa kawaida katika Ubuntu hupewa namba 1000. Hivyo diski ikihamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine, faili za mtu mmoja huonekana kuwa mali ya mwingine mwenye namba hiyohiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, lakini kila kompyuta ina lake. Amri ya ls -ln, inayoonesha namba badala ya majina, huuweka wazi mkanganyiko huo.

Uzito wa suala hili hudhihirika katika tiba zinazozoeleka. Chukulia folda yenye rekodi za mahojiano ya uwandani, inayonakiliwa kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Anayeambiwa tu kwamba hana ruhusa hukimbilia amri ya chmod -R 777. Ujumbe wa kosa huenda ukatoweka, lakini sauti za watafitiwa walioahidiwa usiri huwa zimefunguliwa kwa kila mwenye akaunti anayeweza kuifikia folda hiyo, naye anaweza kuzibadili au kuzifuta. Anayetumia sudo cp -r hupata nakala zinazomilikiwa na mtumiaji mkuu, na kesho yake hukataliwa kuzihariri. Hata amri ya cp -a, iliyokusudiwa kuhifadhi umiliki, ikiendeshwa na mtumiaji wa kawaida huzifanya faili za wengine kuwa zake bila kutoa onyo. Hivyo basi, ukimya wa mfumo si ushahidi kwamba nakala ni kamili.

Kutokana na hoja hizo, inafaa kosa la 13 lielezwe kwa "Ruhusa imekataliwa", na kosa la 1 kwa "Huna mamlaka ya kutenda hili". Ruhusa hutolewa na mwenye mali. Mamlaka hutokana na hadhi. Pendekezo hili lina upungufu: katika diski ya FAT32, ambayo haihifadhi wamiliki, hata mtumiaji mkuu anaweza kupata kosa la 1 anapojaribu kubadili mmiliki. Katika hali hiyo kinachokosekana si mamlaka, bali uwezo wa diski yenyewe.

Pamoja na upungufu huo, utenganisho huu una mashiko. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionesha kwamba Kiswahili kinamudu programu za ofisini. Ujumbe wa makosa unadai zaidi ya usawa wa maneno: unapaswa kumwelekeza msomaji kwenye chanzo cha tatizo kabla hajachagua tiba.