Wimbo Ulio Bora wa Miaka ya 1970

Hapa Kituntu, kama mahali pengine pa Karagwe na Kyerwa, wazee wetu hawachoki kushindana habari ya nyimbo za dansi za miaka ya 1970: ni upi upitao zote kwa ubora? Mmoja humtaja Mbaraka Mwinshehe, wa pili Marijani Rajab, wa tatu Patrick Balisidya, na kila mmoja hudhani mwenziwe hana masikio. Sisi hatuoni ubaya wa kushindana. Ubaya ni kushindana bila kipimo. Apimaye kahawa kwa debe na apimaye kwa mizani hawawezi kupatana bei.

Yafaa kwanza tukumbuke nyimbo zile zilitoka wapi. Bendi nyingi za wakati ule zilikuwa mali ya jumuiya. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi, na Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa TANU. Jumuiya ndiyo iliyonunua magitaa na tarumbeta, nayo ndiyo iliyowalipa wapigaji. Tena, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, muziki ulitazamiwa kulifundisha taifa. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha santuri, hata zilipigwa chapa Nairobi. Kwa hiyo Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa njia kuu ya wimbo kumfikia mtu wa kijijini. Katika mkoa wetu, ulioitwa Ziwa Magharibi hata mwaka 1979, mtu aliyesema Kinyambo au Kihaya nyumbani kwake alisikiliza Kiswahili kikiimbwa. Basi kuuliza wimbo ulio bora ni kuuliza pia ni maneno gani ya Kiswahili yaliyotuingia moyoni.

Tuanze na Marijani Rajab na bendi yake ya Safari Trippers, katika wimbo uitwao Rosa Nenda Shule. Labda msomaji atazamia kuwa mwalimu atautia huu mbele ya zote, maana jina lake lenyewe ni shauri jema. Sifa yake kubwa twaiona katika jambo dogo: aambiwaye ana jina. Nyimbo nyingi za siasa za miaka ile zilisema mambo ya kweli, walakini zilisema na watu wote kwa pamoja, na neno lisemwalo na wote mara nyingi halimgusi mmoja. Rosa ni mtu, na kila kijiji kina Rosa wake. Lakini shauri peke yake halifanyi wimbo. Kama lingetosha, ubao wa shule ungetosha. Sauti ya Marijani, laini na yenye huzuni kidogo, ndiyo iliyouokoa wimbo huu usiwe somo tu. Twaupa nafasi ya tatu.

Wa pili tunaoupima ni Harusi, wa Patrick Balisidya na Afro 70. Balisidya, mtu wa Dodoma, alipenda kuchanganya sauti za kwetu na vyombo vya kigeni, na magitaa yake yana ukali ambao vijana wa leo wangeutambua mara moja. Wimbo huu haufundishi kitu; wafurahi tu. Wako wasemao kwamba kwa sababu hiyo ni mwepesi. Sisi twakataa. Furaha nayo ni haja ya mtu, na si kazi ndogo kuitengeneza hata idumu: hata leo wimbo huu hupigwa harusini, na mabibi huinuka pamoja na wajukuu wao. Upungufu wake ni kwamba una siku yake. Harusi ikiisha, wimbo nao hungoja harusi nyingine.

Sasa twafika kwa Mbaraka Mwinshehe. Huyu alipiga gitaa katika Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda Osaka, nchi ya Japani, kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1970. Kisha mwaka 1973 aliiacha akaunda Super Volcano. Kati ya nyimbo zake wako wanaousifu kupita zote ule wa kumlilia Dakta Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, aliyepigwa risasi na mkulima huko Ismani siku ya Krismasi mwaka 1971. Sisi watu wa enanga twaujua wimbo wa namna hiyo, maana wapiga enanga wetu nao huwataja mashujaa na vifo vyao. Lakini wimbo wa kilio humlilia mtu mmoja, wala haudaiwi kuuliza ni ugomvi gani wa mashamba uliowakutanisha mkubwa na mkulima hata damu ikamwagika. Kijana wa leo hana budi kuelezwa habari yote kwanza ndipo ausikie.

Kwa hiyo sisi twachagua Shida, wimbo wa Mbaraka na Super Volcano. Neno lile halihitaji kuelezwa. Wimbo haukuagizwa na jumuiya yo yote, nao ulipendwa Kenya kama ulivyopendwa kwetu. Najua, wasomaji, mtasema: wimbo ulalamikao bila kuonyesha njia wafaa nini? Twajibu hivi: mwenye shida akisikia shida yake imetajwa vizuri, hayuko tena peke yake, na hiyo ni njia mojawapo. Tena sikilizeni gitaa. Mwimbaji hulalamika, ila gitaa halilalamiki pamoja naye. Lakwenda mbele kwa saburi kama mtu mwenye safari. Mafundisho yamo humo, wala hayakuandikwa kwa maneno.

Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Januari 1979, vita vingali vikiendelea, Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari katika nchi ya Kenya. Mwaka ule watu wa mkoa wetu hawakutaka mwalimu wa kuwafasiria neno shida.

Basi haya ndiyo maoni yetu: Shida kwanza, Harusi ya pili, Rosa Nenda Shule ya tatu. Aliye na maoni mengine na alete kipimo chake pamoja na wimbo wake, nasi tutasikiliza. Walakini asituambie tu kwamba aliupenda ujanani. Kila mtu alipenda kitu ujanani.