Kizuizi Kinachojua Pa Kukaa

Kwenye mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo mwa mji wa Kigoma, boti za mbao huundwa hapohapo ufukweni, jirani na dagaa walioanikwa na abiria wanaosubiri usafiri wa Gombe. Kinachonisimamisha si msumari, ni subira inayoutangulia. Fundi anaukaza ubao kwenye mataruma kidogo kidogo, anautazama, anaukaza tena. Akibana mahali pake, unainama. Akibana pengine, unapasuka.

Mkemia anayefunga pete za kaboni naye anaishi kwa kupinda kabla ya kuunga. Mwaka 1928 Otto Diels na mwanafunzi wake Kurt Alder, Wajerumani, walieleza jinsi butadieni, mnyororo wa kaboni 4, unavyoshikana na kipande cha kaboni 2 kuwa pete ya kaboni 6. Tuzo ya Nobel wakaipata 1950. Ila mnyororo ulionyooka haushikani na kipande hicho. Sharti ujikunje kwanza, ncha zake mbili zielekee upande mmoja. Hapo ndipo unene wa kundi lililopachikwa kwenye mnyororo unapoamua mambo.

Chukua butili nene, ile ya kaboni moja iliyozungukwa na methili 3. Ungeapa kwamba dude hilo litakwamisha kazi popote litakapokaa. Kumbe likipachikwa kwenye kaboni ya pili, linausukuma mnyororo ujikunje, na mmenyuko wake na anhidridi ya maleiki, inayotoa kile kipande cha kaboni 2, unakwenda mbio mara 20 na ushei kuliko wa butadieni tupu. Ongeza jingine kwenye kaboni ya tatu, uone: mawili yanasukumana, mnyororo unajipindua, pete haifungiki.

Mimi namvulia kofia zaidi E. J. Corey wa Harvard. Mwaka 1975 alikuwa akitafuta njia ya kuunda prostaglandini, ukoo wa misoprostoli, vidonge ambavyo wakunga wetu wanavijua kwa kuzuia damu baada ya kujifungua. Molekuli hizo zina umbo la kulia na la kushoto, na alitaka moja tu. Basi yeye na Harry Ensley wakakifungia kipande cha kaboni 2 kizuizi cha makusudi, fenilimentholi, ndugu wa mentholi ya mnanaa. Pete yake ya fenili inalala juu ya uso mmoja wa kipande na kuuziba, hivyo mwenzake wa kaboni 4 hana budi kuingilia upande wa pili. Pete ikishafungika, kizuizi kinakatwa, kinasafishwa, kinarudishwa kazini.