Majuu Hayamfanyi Mtu Mwandishi

Katika vijiwe vyetu vya waandishi chipukizi kuna wimbo mmoja: ukitaka kuandika kitu cha maana, zamia. Nenda majuu, changanyika na watu wa kila rangi, akili itafunguka. Na tangu Abdulrazak Gurnah apate Tuzo ya Nobel mwaka 2021, wimbo huo umepata kiitikio: “Si mnaona? Angebaki Unguja angekuwa nani?”

Mimi nabisha. Gurnah aliondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, akafika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Riwaya yake ya kwanza, “Memory of Departure”, ilitoka 1987. Hesabu mwenyewe. Dawa gani hiyo inayochukua karibu miaka ishirini kufanya kazi?

Tena yeye mwenyewe ametuonyesha hatari iliyopo. Chukua “Admiring Silence” ya mwaka 1996. Msimuliaji ni Mzanzibari anayeishi Uingereza na mwanamke wa huko, Emma. Baba yake Emma anapenda kusikia uzuri wa utawala wa Mwingereza, basi jamaa anamtungia hadithi za kumfurahisha. Emma naye anatungiwa ukoo usiokuwepo. Na nyumbani Zanzibar hawajui hata kama kuna Emma!

Jamani, huo nao ni ubunifu, tena si haba. Lakini ni ubunifu wa mwoga. Marafiki wa mataifa mengi wanakupa masikio mengi, na kila sikio linaweza kudai uongo wake. Nikiisoma riwaya ile nawakumbuka wenzetu wanaoandika Afrika ya simba na njaa tupu ili wachapishwe ng’ambo.

Sasa mtazame mhamiaji aliyekuja kwetu. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, kisha akawa na Super Matimila. Gitaa alikuja nalo. Habari za kuimba alizikuta uswahilini, kwa wanyonge aliokaa nao. Alizoeana na watu mpaka mtaa ukabeba jina lake: Sinza kwa Remmy.

Lakini wageni waliokaa uswahilini ni wengi, mbona Remmy ni mmoja? Hapo ndipo tabia inapoingia. Yule bwana alijiita mwenyewe Sura Mbaya. Asiyeogopa kuchekwa haogopi kusema. Alipoimba habari za kondomu katika “Mambo kwa Soksi”, Radio Tanzania iliukataa wimbo, yeye hakurudi nyuma. Hata alipokwenda kurekodi Uingereza, sahani ya mwaka 1989 aliiita “Songs for the Poor Man”. Hakumwacha mnyonge uwanja wa ndege.

Mtaniambia muziki si riwaya. Kweli, mwandishi hukaa peke yake na karatasi. Ila swali ni lilelile: ukishasikia ya watu, utasema ulichokiona au wanachotaka kusikia?

Kwa hiyo, ndugu yangu unayehangaikia pasipoti, mjini hapa wamo Wakongo, Warundi, Wasomali na Wahindi. Umeshakaa na yupi ukamwuliza alikotoka? Kama hapa unaona haya, huko majuu utawauliza nini?