Barua Isiyoonekana Kwenye Sanduku la Pamoja

Namba 1 ilikaa pembeni ya folda ya barua zinazoingia ya sanduku la pamoja kwa siku tatu. Katibu muhtasi wa ofisi ile ya ufadhili wa masomo, jijini Mwanza, aliibofya kila asubuhi, na kila asubuhi barua zote zilikuwa zimeshasomwa. Akazima kompyuta, akaiwasha. Namba iko palepale. Nilipoitwa, nililifungua sanduku lilelile kwa kivinjari badala ya programu ya Outlook, na barua ikajitokeza juu kabisa. Binti mmoja aliambatisha cheti cha daktari, akaomba asogezewe tarehe ya usaili. Kabla ya kutuma, aliiwekea alama ya faragha.

Alama hiyo ndiyo iliyoificha. Kila barua ndani ya Exchange, mfumo wa barua pepe wa Microsoft, hubeba kipengele kinachoeleza usiri wake kwa tarakimu: 0 ni ya kawaida, 1 ni binafsi, 2 ni faragha, 3 ni siri. Outlook inapofungua sanduku la mtu mwingine na kukuta 2, huificha barua hiyo, isipokuwa anayesoma amepewa ruhusa mahususi ya kuona vitu vya faragha. Sasa, sanduku la pamoja halina mwenyewe. Kila anayeliingia ni mgeni, na ndiyo maana hakuna hata mmoja ofisini aliyeiona barua ya yule binti.

Lakini seva yenyewe haikufunga chochote. Alama ya faragha ni kama hodi: humsimamisha mwenye adabu, na asiye nayo hupita. Outlook ilisimama, kivinjari kikapita. Microsoft wenyewe huwaonya watumiaji wasiitegemee alama hii, kwa kuwa mwenye ruhusa ya kusoma folda anaweza kuviona vilivyomo kwa programu nyingine. RFC 5545 ya mwaka 2009, inayoweka kanuni za kalenda za intaneti, nayo inaieleza alama ya namna hii kuwa ni njia ya kunakili nia ya mwenye kalenda, na kwamba ni sehemu moja tu ya ulinzi.

Nilipoangalia orodha ya ruhusa nikaona ubaya wenyewe. Watu 11 walikuwa na ruhusa kamili ya sanduku lile, wakiwemo wanafunzi watatu wa mafunzo kwa vitendo. Cheti cha daktari kilifichwa kwa afisa aliyepaswa kukishughulikia, na kilikuwa wazi kwa yeyote kati ya hao 11 ambaye angetumia kivinjari. Kumpa kila mmoja ruhusa ya kuona vitu vya faragha kungechukua dakika tano. Nilikataa.

Aliyewahi kufanya kazi serikalini anazijua masijala ya wazi na masijala ya siri. Jalada la siri halilindwi na mhuri mwekundu uliogongwa juu yake. Linalindwa kwa sababu liko chumba kingine na funguo anazo karani wake. Tukafanya vivyo hivyo: tukafungua sanduku la pili, la vyeti vya hospitali na habari za familia, likawa na wasomaji wawili tu. Halikuongeza gharama, maana kwenye Exchange Online sanduku la pamoja halihitaji leseni yake hadi GB 50. Anwani yake ikaandikwa kwenye fomu ya maombi. Kwenye sanduku la kwanza tukabakiza watu wanne, nao tukawapa ruhusa ya kuona vitu vya faragha ili barua isipotee tena machoni. Akaunti ya kila sanduku tukaizuia isiingiwe moja kwa moja, kila mtu apite kwa jina lake.

Kutuma ni jambo jingine kabisa, na wengi hulikosea. Ruhusa kamili hukuwezesha kusoma, kupanga na kufuta, wala haikupi haki ya kutuma kwa jina la sanduku. Hiyo hutolewa peke yake, ama kutuma kama sanduku lenyewe, ama kutuma kwa niaba yake, ambapo mpokeaji huliona pamoja na jina la aliyeandika. Kwa masuala ya afya tulichagua ya kwanza. Tena jibu likishatumwa, nakala hukaa kwenye folda ya mtumaji binafsi. Tuliwasha mpangilio unaoweka nakala nyingine ndani ya sanduku la pamoja, lakini ile ya mtumaji haiondoki. Wale wawili wanaifuta kwa mkono kila wanapojibu, kazi inayochosha.

Ruhusa za wale wanne tulizipitisha kwenye kikundi, ingawa hapo sanduku halijitokezi lenyewe ndani ya Outlook na ilibidi nimwongezee kila mtu kwa mkono. Nilikubali usumbufu huo. Mtu akihama, jina lake linatolewa mahali pamoja na mlango unafungwa.

Binti alipangiwa tarehe nyingine, siku tisa baada ya ile aliyoikosa.