Nduli Asiye na Mizizi: Uchambuzi wa Filamu "The Last King of Scotland"

Nduli Idi Amin amepigwa picha mara nyingi kuliko viongozi wengi wema wa bara letu. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alimrekodi akijisifu mwenyewe mbele ya kamera. Mwaka 1981 ikatoka filamu ya Sharad Patel, Joseph Olita akimwigiza. Lakini iliyoenea zaidi, na ambayo vijana wetu wengi huichukua kama somo la historia, ni "The Last King of Scotland" ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Kevin Macdonald. Hiyo ndiyo yatupasa kuichambua, maana kosa lake kubwa limo katika fikra kuliko katika matukio.

Tuipe kwanza haki yake. Forest Whitaker, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo na kupata tuzo ya Oscar mwaka 2007, anamwonyesha Amin akiwa mcheshi, mkarimu, kipenzi cha umati. Hapo filamu inasema kweli. Mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971 yalishangiliwa katika mitaa ya Kampala, hasa na Wabaganda waliokuwa na kinyongo na Obote tangu kasri ya Kabaka pale Mengo iliposhambuliwa Mei 1966. Aliyeongoza shambulio hilo, kwa amri ya Obote, ni Amin huyo huyo waliyekuwa wakimshangilia. Anayedhani dikteta huja na pembe kichwani hatamtambua atakapofika.

Baada ya hapo ndipo ugonjwa unapoanza. Mhusika mkuu si Amin, wala si Mganda yeyote. Ni Nicholas Garrigan, daktari kijana wa Kiskochi ambaye hakuwahi kuishi duniani. Ametoka katika riwaya ya Giles Foden. Anazungusha tufe la dunia ili achague pa kwenda. Kidole kinaangukia Kanada, hapendezwi, anazungusha tena, inatoka Uganda. Basi nchi nzima inakuwa uwanja wa matembezi yake: anastarehe, anazini na mke wa Rais, anaogopa, anatubu. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, aliyekamatwa mahakamani Septemba 1972 asionekane tena, hakupata nafasi. Badala yake tunaletewa Dakta Junju, Mganda wa kubuni, ambaye kazi yake ni kufa ili Mzungu apande ndege, akimwambia akautangazie ulimwengu kwa kuwa yeye ni mweupe na ataaminiwa. Mwandishi wa filamu huenda alitaka kuwasuta watu wa kwao kwa maneno hayo. Lakini filamu yenyewe inafanya kile kile inachokisuta: imemwamini Mzungu, na Waganda wanaotajwa kufikia 300,000 imewaacha wawe pazia la nyuma.

Swali ambalo kada hana budi kuliuliza ni hili: nguvu ya mtu huyu ilitoka wapi? Filamu inagusa tu kwamba alilelewa jeshini, kisha inarudi kwenye karamu. Jeshi hilo ni King's African Rifles, jeshi la mkoloni, lililomtumia kuwakandamiza wapigania uhuru wa Kenya. Mwaka 1961 alikuwa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa uofisa. Mwaka 1962, kabla Uganda haijapata Uhuru, kikosi chake kilishutumiwa kwa kuua wafugaji wa Kiturkana. Wakoloni wakalipeleka jambo hilo kwa Obote, na Obote akaridhika na karipio. Uingereza iliitambua serikali yake tarehe 5 Februari 1971, siku kumi na moja tu baada ya mapinduzi, na Julai akapokewa London. Waisraeli walilifundisha jeshi lake mpaka mwaka 1972. Ndege zilitoka uwanja wa Stansted kumpelekea wiski na anasa za kuwalisha askari wake, na Marekani iliendelea kununua kahawa ya Uganda mpaka Bunge lake lilipozuia mwaka 1978.

Katika filamu ubeberu huu wote umebanwa ndani ya mtu mmoja, Stone, afisa wa Kiingereza mwenye dharau. Ukimchukia Stone umemaliza. Nasi Waafrika tusijifiche nyuma yake: mwaka 1975 mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulifanyika Kampala, na nduli akakalia kiti cha mwenyekiti. Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kwenda. Wengi walikwenda.

(Kwa wapenzi wa lugha: Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kwa kuwa wananchi walikisikia zaidi kwa askari wenye bunduki, lugha yetu ilipata jina baya huko, na jina hilo halikufutika upesi.)

Filamu inaishia Entebbe mwaka 1976, daktari akiwa salama ndani ya ndege. Kuanguka kwa nduli kumeachiwa maandishi machache ya mwisho. Hatuoni Kagera ikivamiwa Oktoba 1978, wala daraja la Kyaka likibomolewa, wala Jeshi la Wananchi wa Tanzania likiingia Kampala pamoja na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Si ajabu, katika vita hivyo Garrigan hana kazi.

Lakini hata filamu ambayo ingeishia kwenye shangwe za siku hiyo ingedanganya. Obote alirudi madarakani mwaka 1980, na huko Luwero wananchi waliuawa kwa wingi na jeshi lililokuwa limevaa sare mpya. Julai 1985 jeshi hilo likampindua Obote kwa mara ya pili. Amin alikuwa mbali, Saudi Arabia, alikofia tarehe 16 Agosti 2003 bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote.