Kamera Isiyosogea

Filamu ya Kihindi iitwayo Badlapur, iliyoongozwa na Sriram Raghavan na kutolewa mwaka 2015, huanza kwa shoti moja ndefu, yaani kipande cha picha kilichonaswa bila kukatwa, ambamo kamera imetulia ng'ambo ya barabara mjini Pune ikitazama benki, magari na wapita njia, pasipo kudokeza ni nani kati yao wa kuangaliwa. Ujambazi unapotokea, kamera haiukimbilii, bali msiba huingia mahali pale kama mteja yeyote aliyefika kuchukua fedha zake. Mtazamaji mgeni, aliyezoea kusikia kwamba sinema za Kihindi ni nyimbo na machozi tu, hutambua mapema kwamba yumo mikononi mwa fundi.

Majambazi hao hutoroka na gari la mwanamke aitwaye Misha, akiwa ndani pamoja na mwanawe, na mama na mwana hupoteza maisha, naye mumewe, Raghu, huhamia Badlapur, mji ulioko kweli karibu na Mumbai, akangoja kulipiza kisasi kwa miaka 15. Kisa chenyewe kimetokana na riwaya ya Mwitaliano Massimo Carlotto, lakini uzito wake umo katika namna wahusika walivyoachwa wakomae taratibu. Liak, muuaji anayeigizwa na Nawazuddin Siddiqui, ana mama, ana mwanamke ampendaye, ana kicheko na tamaa ya kuonja dunia, hata chuki ya mtazamaji hukosa pa kushika. Raghu naye, anayeigizwa na Varun Dhawan, kijana aliyejulikana hadi wakati huo kwa filamu nyepesi za mapenzi na vichekesho, hukauka roho kiasi cha kumuua mshirika wa Liak pamoja na mke wa mshirika huyo, ambaye hakuwamo katika ujambazi ule.

Jina la mji nalo limebeba maana, kwa kuwa badla kwa Kihindi ni kisasi na pur ni mji, na neno hilo la kwanza limetokana na Kiarabu badal, yaani kitu kitolewacho mahali pa kingine, asili ileile iliyokipa Kiswahili badala na badili. Msikilizaji wa Kiswahili amepata hapa ufunguo ambao wengine huukosa, maana Liak, aliyefungwa kisha akaachiliwa kwa sababu ya saratani, hatimaye hukiri mauaji ambayo hakuyatenda na kurudi gerezani badala ya Raghu. Aliyekuja kulipiza huachwa na deni asiloweza kulilipa.

Ufundi wa namna hii huhitaji mtazamaji aliyekaa akatulia, kama walivyokaa watu wa Pwani katika giza la Majestic ya Unguja na Avalon ya Dar es Salaam, walipozifuata sinema za Kihindi tangu mwanzo hadi mwisho. Siku hizi visasi vya sinema hukatwakatwa vipande vidogo, damu ikimwagika kabla aliyeuawa hajajulikana jina, na filamu hutazamwa kwenye simu, katikati ya ujumbe na miito. Tangazo la Badlapur liliwasihi watazamaji wasiukose mwanzo. Mwanzo huo, pamoja na barabara yake tulivu ya Pune, sasa husukumwa kando kwa kidole kabla hata milango ya benki haijafunguka.